Neno na Kisanduku Chake: Uhakiki wa Lebo za Kiswahili katika Programu za Simu, Kitale na Bungoma

Utangulizi

Kwa muda mrefu mjadala juu ya nafasi ya Kiswahili katika sayansi na ufundi umejikita katika suala la istilahi. Wataalamu wamebishana juu ya kukopa na kuunda, juu ya Kiarabu na Kibantu, juu ya neno lipi lifae mahali pa lipi. Kazi hiyo imezaa matunda. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyoandikwa kwa Kiswahili, na kampuni kubwa za ng'ambo nazo zikaanza kutoa programu zao kwa lugha hii. Leo mwenye simu mjini Kitale au Bungoma anaweza kuiagiza simu yake imsemeshe kwa Kiswahili, nayo ikatii.

Hata hivyo, liko jambo moja ambalo mjadala wa istilahi haukulifikia. Istilahi ikishaundwa, ikajadiliwa na kuidhinishwa, haina budi kuandikwa mahali. Katika programu ya simu, mahali hapo ni kisanduku chembamba juu ya kioo kisichozidi kiganja cha mkono. Nacho kisanduku hicho, mara nyingi, kilipimwa kwa neno la Kiingereza kabla Kiswahili hakijafikiriwa. Neno la Kiswahili likiingizwa humo, ama hukatwa, ama hupunguzwa ukubwa wa herufi hata lisisomeke, ama hupandana na jirani yake.

Makala haya yanahakiki hali hiyo. Hoja yake ni kwamba kulikata neno la Kiswahili mwishoni si dosari ya umbo tu, bali ni kosa la maana. Kwa sababu lugha hii huweka mwishoni mwa kitenzi habari ya nani amemtendea nani. Kwa mkulima au mchuuzi anayefanya biashara yake kwa simu, habari hiyo ndiyo pesa yenyewe.

Lebo kama Matini

Lebo ni neno au kifungu cha maneno kinachoandikwa juu ya kitufe, au kando ya tarakimu, ili kumwambia mtumiaji afanye nini au anaona nini: "Tuma", "Hifadhi", "Salio", "Imethibitishwa". Ni fupi kuliko methali, wala haina mtunzi anayejulikana. Yamkini ndiyo sababu wahakiki hawakuipa nafasi. Lakini ni matini inayosomwa kila siku na watu wengi, tena kwa makini, maana mtu ambaye shilingi zake ziko hatarini hasomi kwa kupitisha macho. Zaidi ya hayo, ni matini ya kutenda. Msomaji wa riwaya akikosa kuelewa sentensi atarudi nyuma aisome tena. Msomaji wa lebo akikosa kuelewa, huenda ameshabonyeza.

Kitale na Bungoma ni mahali panapofaa kuitazama matini hii. Miji hii ni makao makuu ya kaunti za Trans Nzoia na Bungoma, katika nchi ya mahindi magharibi ya Kenya. Wabukusu, Wasabaoti, Wateso, Wanandi, Waturkana, Wakikuyu na wengineo hukutana sokoni humo, na lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Shughuli za shamba nazo zimehamia simuni hatua kwa hatua. Mwaka 2006 shirika la One Acre Fund lilianzia Bungoma kazi yake ya kuwakopesha wakulima wadogo mbegu na mbolea. Machi 2007 huduma ya M-Pesa ilianza nchini Kenya. Na tangu mpango wa mbolea ya ruzuku wa mwaka 2022, mkulima aliyesajiliwa hupokea ujumbe wa simu ndipo aende kuchukua mbolea yake ghalani. Kwa hiyo mkulima wa sehemu hizi husoma kioo cha simu wakati wa kukopa, wakati wa kupanda, na wakati wa kuuza.

Lebo isipoenea katika kisanduku chake, mashine ina njia tatu. Ya kwanza ni kukata: neno huachwa likomee ukingoni, na badala ya sehemu iliyoanguka huwekwa nukta tatu. Ya pili ni kupunguza ukubwa wa herufi hata neno zima lienee. Ya tatu ni kukitanua kisanduku, ama kwa upana, ama kwa kuongeza mstari wa pili. Njia hizi tatu si sawa mbele ya sarufi ya Kiswahili, na hilo ndilo linalohitaji kuchunguzwa.

Mwili wa Kitenzi

Kila mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba kitenzi cha Kiswahili hujengwa kwa kupanga viambishi mbele ya mzizi na vinyambuo nyuma yake. Mbele hukaa nafsi, njeo na ukanushi. Nyuma hukaa kutendea, kutendwa, kutendesha na kutendana. Kitenzi kikikatwa mwishoni, kinachobaki ni nafsi na njeo, pengine na kipande cha mzizi. Kinachoanguka ni uhusiano baina ya watendaji.

Natutazame mfano wa maneno matatu: "Umetuma", "Umetumia" na "Umetumiwa". La kwanza lina maana kwamba pesa zimetoka kwako kwenda kwa mwingine. La pili lina maana kwamba umezitumia katika matumizi. La tatu lina maana kwamba zimekufikia. Kisanduku kinachotosha herufi 6 kitayaandika yote matatu kwa namna moja: "Umetum…". Kikiongezwa herufi moja, kitaandika "Umetumi…", na hapo baina ya kutumia na kutumiwa haitabaki tofauti yoyote, kwa kuwa tofauti yenyewe ni ile sauti moja tu ya /w/ iliyoanguka ukingoni. Kiingereza hakina shida hii mahali hapa, maana maneno yake ya kutuma, kutumia na kupokea hutofautiana tangu herufi za mwanzo.

Mifano mingine ni mizito zaidi kwa mkulima. "Kopa" na "kopesha" ni vitendo vilivyo kinyume: mmoja huondoka na deni, mwingine huondoka na dai. Lakini herufi tatu za mwanzo ni zile zile. "Kodi" na "kodisha" ni hivyo hivyo, na katika Trans Nzoia, ambako mashamba hukodiwa msimu hata msimu, tofauti ya mwenye shamba na mpangaji imo katika kiambishi "-sha". Lebo inayoonyesha "Kodi…" yaweza kusomwa kuwa ni kukodi, ni kukodisha, au hata ni ushuru wa serikali.

Nomino nazo hazisalimiki. Katika Kiswahili jina hutangulia na sifa yake hufuata. "Salio la akiba" na "Salio la mkopo" zikikatwa, zote mbili huwa "Salio la…", na mtu asijue kama tarakimu iliyo mbele yake ni mali au ni deni. Katika Kiingereza neno la kupambanua hutangulia, hivyo likikatwa kwa kiasi kile kile, kinachobaki bado hutofautisha. Ni wazi basi kwamba kanuni ya kukata mwisho, ambayo mtunzi wa programu huiona kuwa haipendelei lugha yoyote, imefuata tabia ya lugha ambayo huweka mbele yale yenye uzito. Katika Kiswahili, uzito uko nyuma.

Hebu tumfikirie mkulima wa Kiminini, njiani baina ya Kitale na Bungoma, aliyepakia magunia 10 ya mahindi kwenye lori la mnunuzi. Simu inalia. Anaona "Umetumi…" na chini yake tarakimu sawa na bei waliyopatana. Analiruhusu lori liondoke. Jioni anapoifungua taarifa yote ndipo anapogundua kwamba neno lilikuwa "Umetumia", nalo lilihusu malipo yake mwenyewe ya asubuhi. Mfano huu ni wa kubuni, lakini kila kiungo chake kimo ndani ya sarufi ya lugha. Wala haufai kuitwa kosa la mtu asiyejua kusoma. Mkulima huyo, akiwa Mbukusu, amezaliwa katika lugha ambayo nayo hupachika viambishi mbele ya kitenzi na vinyambuo nyuma. Amezoea kuungoja mwisho wa kitenzi ndipo ajue nani amefanywa nini. Mashine ndiyo iliyomnyima mwisho huo.

Inafaa kukumbuka kwamba nukta hizo tatu huitwa katika sarufi yetu alama ya dukuduku. Mwandishi wa hadithi huziweka kwa makusudi ili msomaji abaki na hamu. Zikiwekwa na mashine mbele ya tarakimu za pesa, hamu hugeuka kuwa wasiwasi.

Kipimo katika Mapokeo ya Kiswahili

Yuko atakayesema kwamba dawa ni rahisi: wafasiri wachague maneno mafupi. Hoja hii ina ukweli, na haifai kupuuzwa. Si kweli kwamba Kiswahili ni lugha ndefu kwa kila hali. "Futa" ina herufi 4, "pakua" 5, "ingia" 5. Yote haya ni mafupi kuliko maneno ya Kiingereza yanayowekwa mahali pake. Mfasiri aliyeandika "Inayofuata", herufi 10, mahali ambapo "Mbele" ingetosha, naye ana sehemu yake ya lawama.

Tena Kiswahili hakina ugomvi na kipimo. Mtunzi wa shairi la mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, amefanya kazi ndani ya kisanduku kwa karne nyingi. Neno likizidi, hulifupisha kwa inkisari. Likipungua, hulirefusha kwa mazida. Katika kanga, jina hupangwa chini ya mji kwa namna ambayo usemi huenea wote. Haijapata kuonekana kuwa jambo la kawaida methali ikatwe katikati kwa sababu kitambaa kimekwisha. Na fundi wa vibao katika mtaa wa maduka, Kitale au Bungoma, huchora kwanza mistari ya chaki na kuhesabu herufi za jina la duka kabla ya kuchovya brashi yake. Akiona jina halitoshi, huzibana herufi, au huligawa katika mistari miwili, au humwambia mwenye duka anunue ubao mrefu zaidi.

Hata vijana walioandikiana ujumbe mfupi wa simu, uliobanwa katika herufi 160, walijitungia inkisari yao. Waliandika "cjui" kwa "sijui", na "2taonana" kwa "tutaonana". Wapo waliowalaumu kwa kuiharibu lugha. Lakini mhakiki akitazama kwa makini ataona kwamba walifupisha mbele, kwenye viambishi vinavyoweza kubashiriwa kwa urahisi, na wakauacha mzizi na kinyambuo vikiwa vizima. Walijua, bila kufundishwa, mahali ambapo neno lao laweza kukatwa lisife. Mashine hufanya kinyume: huhifadhi kinachobashirika na kutupa kisichobashirika.

Tofauti, basi, ni ya ujuzi. Mshairi, mwenye kanga, fundi wa vibao na kijana mwenye simu wote wanakiona kisanduku kabla ya kulichagua neno. Mfasiri wa programu aghalabu hakioni. Hupewa jedwali lenye safu mbili, Kiingereza upande mmoja na nafasi tupu upande wa pili, bila kuambiwa kama neno litakaa juu ya kitufe au katika maelezo marefu. Hupimwa kwa kipimo ambacho hajaonyeshwa. Mshairi aliyenyimwa idadi ya mizani, kisha akalaumiwa kwa kuzidisha, angestahili kuonewa huruma.

Hoja za Watunzi wa Programu

Haki inataka hoja za upande wa pili zisikilizwe. Watunzi wa programu husema kwamba kioo ni kidogo, kwamba visanduku vya upana sawa hupendeza macho, na kwamba haiwezekani kuchora upya kila ukurasa kwa kila lugha.

Hoja ya kwanza ni ya kweli, lakini haitoshi. Kwamba maandishi hurefuka yanapotafsiriwa ni jambo lililojulikana siku nyingi katika taaluma hiyo. Mwongozo wa kampuni ya IBM, unaonukuliwa sana na wataalamu wa tafsiri, hushauri kwamba maandishi ya Kiingereza yasiyozidi herufi 10 yatengewe nafasi ya asilimia 200 hadi 300, ilhali maandishi yanayozidi herufi 70 hutosheka na asilimia 130. Yaani, neno likiwa fupi zaidi ndipo linapohitaji uwazi zaidi. Na lebo ndiyo maandishi mafupi kuliko yote.

Hoja ya pili, ya uzuri, hushindwa na mfano wa kibao cha duka. Ubao wenye jina lililokatika haupendezi hata kama kingo zake zimenyooka.

Hoja ya tatu ndiyo dhaifu zaidi. Tangu simu za Android zilipoingia sokoni mwaka 2008, mtunzi ameweza kuagiza kisanduku kifuate ukubwa wa kilichomo badala ya kukiandikia upana usiobadilika. Toleo la 8 la mfumo huo, mwaka 2017, liliongeza uwezo wa herufi kujirekebisha zenyewe baina ya ukubwa wa chini na wa juu uliowekwa. Simu za iPhone nazo zina uwezo wa namna hiyo. Hivyo kinachokosekana ni mpango wa kazi, maana ufundi upo. Kiingereza huandikwa kwanza, kisanduku hujengwa kukizunguka, na Kiswahili huletwa mwisho kama mgeni aliyechelewa, akaambiwa ajibane.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika juu ya njia ya kupunguza herufi. Mzee ambaye macho yake yamepungua nguvu huiagiza simu yake iandike kwa herufi kubwa. Kisanduku kisichobadilika kitamkatia neno mapema zaidi kuliko kijana; na kisanduku kinachopunguza herufi kitamrudishia ule udogo alioukimbia. Katika hali zote mbili anayehitaji msaada zaidi ndiye anayepata kidogo. Kwa ajili hiyo, kutanua ndiyo njia inayofaa kutangulia, na kupunguza kuje baadaye, tena kwa kiasi. Kiswahili kinasaidia hapa: silabi zake nyingi ni wazi, na mpaka baina ya silabi moja na nyingine hujulikana bila kamusi. Neno kama "Haijathibitishwa", lenye herufi 16, laweza kugawanywa katika mistari miwili bila kumpoteza msomaji.

Ushahidi kwamba jambo hili linawezekana uko machoni pa kila Mkenya. Sambaza, Okoa Jahazi, Lipa na M-Pesa, na Fuliza iliyoanza mwaka 2019, ni majina ya huduma yaliyotungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Hakuna aliyeyakata, kwa sababu tangazo lilichorwa kulizunguka neno. Mfanyabiashara anapotaka kuvutia mteja, Kiswahili hupewa ubao mzima. Mteja akishaingia ndani na kutaka kujua anadaiwa kiasi gani, lugha hiyo hiyo yaweza kubanwa katika kona ya kioo. Hapo pana suala zaidi ya ufundi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Na kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi bidhaa na huduma kikamilifu. Habari iliyokatwa kinyambuo si habari kamili.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba lebo ni matini yenye kustahili uhakiki, na kwamba kuikata si jambo dogo katika lugha inayoweka nyuma uhusiano wa watendaji. Yako mambo matatu yanayofuata kutokana na hoja hiyo.

Kwanza, watunzi wa programu wapime visanduku vyao kwa neno refu la Kiswahili kabla ya kuvitoa. "Haijathibitishwa" ingekuwa kipimo kizuri: ikienea hiyo, mengi yataenea.

Pili, mfasiri aonyeshwe kisanduku. Vyuo vinavyofundisha tafsiri viongeze katika mazoezi yao kazi ya kufasiri kwa kipimo, kama vile vinavyofundisha utunzi wa shairi kwa mizani.

Tatu, wanaounda istilahi wasiishie kwenye neno kamili. Pale inapobidi, watoe pamoja nalo ufupisho uliokubaliwa, ili usiachiwe mashine. Wakulima wa Kitale wametangulia katika hili. Mbegu ya mahindi H614, iliyotokana na utafiti wa mji huo, wao huiita "614" tu, na hakuna anayepotea, kwa sababu ufupisho huo ulikubaliwa na wanaoitumia.

Mambo haya yakiachwa, lipo tatizo moja litakalofuata. Mtumiaji aliyechoshwa na maneno yaliyokatika atairudisha simu yake kwenye Kiingereza, hata kama Kiingereza chake ni cha kubahatisha. Kisha atatokea mtafiti, ahesabu simu zilizowekwa Kiingereza katika soko la Bungoma, na kuhitimisha kwamba wananchi hawakitaki Kiswahili katika mambo ya ufundi. Atakuwa amehesabu vizuri na kukosea, kwa kuwa watu hao hawakukikataa Kiswahili. Walichokataa ni nusu ya neno.